Mbwa na Paka wa Nyumbani Kwetu

Katika masomo ya ufugaji tumezoea kusoma habari za ng'ombe, mbuzi na kuku. Wanyama hao wanatupa maziwa, nyama, mayai na fedha. Somo hili linahusu wanyama wengine wawili. Hatuwakamui, wala hatuwapeleki mnadani. Hata hivyo wamo katika karibu kila kijiji. Wanyama hao ni mbwa na paka.

Mbwa analinda nyumba usiku. Anafuatana na mchungaji malishoni. Anafukuza nyani na ngedere shambani. Paka anakamata panya wanaokula mahindi ghalani. Wote wawili wanafanya kazi bila mshahara. Lakini wengi wetu tunawaacha wajitafutie wenyewe chakula, maji na mahali pa kulala. Tukiulizwa, tunajibu, "Huyo ni mbwa tu."

Jambo kubwa la kukumbuka katika somo hili ni hili: mnyama anayetunzwa huilinda nyumba, na mnyama aliyeachwa ovyo anaweza kuingiza kifo katika nyumba hiyo hiyo. Tusome tuone ni kwa nini.

1. MAHALI PA KULALA

Mbwa anayelala mvuani huugua. Mbwa asiye na mahali pake huzurura usiku, hupigana na mbwa wengine na huumwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumjengea kibanda.

Kibanda cha mbwa hakihitaji fedha nyingi. Miti, mabanzi, udongo na nyasi za kuezekea vinatosha. Fuata mambo haya:

(a) Kiwe na nafasi ya kumtosha mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha.
(b) Sakafu iinuliwe juu ya ardhi kidogo, ili maji ya mvua yasiingie.
(c) Mlango usielekee upande mvua inakotokea.
(d) Kiwe chini ya mti au mahali penye kivuli mchana.
(e) Ndani weka nyasi kavu au gunia. Nyasi zibadilishwe kila wiki, na zile za zamani zichomwe moto. Huko ndiko viroboto wanakozaliana.

Kibanda cha nje kinafaa kwa watu wote. Wako wenzetu ambao kwa dini yao au mila zao hawapendi mbwa aingie ndani ya nyumba. Mbwa akiwa na kibanda chake uani, hakuna anayesumbuka.

Paka hahitaji kibanda. Yeye hupenda mahali pakavu penye joto. Boksi au kapu kuukuu lenye kitambaa, likiwekwa pembeni, linamtosha. Lakini angalia jikoni. Paka, hasa watoto wa paka, hupenda kulala kwenye majivu ya moto karibu na mafiga. Wengi huungua. Kabla ya kuwasha moto alfajiri, angalia kwanza mekoni.

2. KAMBA NA MNYORORO

Mbwa wengi wa ulinzi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Huo ni utaratibu mzuri kama utafanywa vizuri.

Usimfunge mbwa kwa waya. Waya humkata shingo, na kidonda chake huingia funza. Tumia ukanda wa ngozi au wa turubai shingoni, kisha mnyororo au kamba. Ukanda usibane. Vidole viwili vya mkono wako viweze kupita kati ya ukanda na shingo. Mbwa mdogo akikua, ukanda nao ulegezwe.

Mnyororo uwe mrefu wa kutosha ili mbwa afike kivulini na penye maji yake. Jua huhama. Mti uliokuwa na kivuli asubuhi huenda hauna kivuli saa nane mchana.

3. CHAKULA NA MAJI

Mbwa anaweza kula ugali, lakini ugali mtupu haumtoshi. Mchanganyie dagaa, mchuzi wa nyama, au makombo ya samaki yasiyo na miiba. Paka anahitaji nyama au samaki zaidi kuliko mbwa. Watu husema paka akishiba hakamati panya. Si kweli. Paka huwinda kwa tabia yake ya asili. Paka mwenye afya huwinda vizuri kuliko paka aliyekonda.

Maji safi yawepo wakati wote, katika chombo kisichopinduka kwa urahisi. Osha chombo hicho kila siku.

Viko vyakula vya kuepuka:

(a) Mifupa ya kuku iliyopikwa. Ikivunjika huwa na ncha kali, nayo huweza kutoboa tumbo.
(b) Vitunguu. Vikiliwa vingi huharibu damu ya mbwa na ya paka.
(c) Matumbo, maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Hili lina hatari kubwa, nasi tutalieleza.

Mnyama akichinjwa, mara nyingine huonekana malengelenge ya maji katika ini au pafu. Ndani ya malengelenge hayo mna mbegu za tegu mdogo. Mbwa akiyala, tegu hukua tumboni mwake. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa. Mtoto akicheza na mbwa huyo kisha akala bila kunawa mikono, mayai humwingia. Baadaye malengelenge kama yale huota katika ini au pafu la mtoto. Ugonjwa huu umewasumbua sana wafugaji wa Afrika Mashariki, hasa Waturkana wa Kenya. Dawa yake ya kwanza ni kinga: nyama yenye malengelenge ichomwe moto, au ifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

4. SUMU NDANI YA NYUMBA

Sumu ya panya huua paka na mbwa pia. Si lazima paka aile sumu yenyewe. Sumu nyingine humdhuru hata akila panya aliyekufa kwa sumu hiyo. Mwenye nyumba hubaki bila paka, na baada ya muda panya hurudi wengi zaidi.

Kama ni lazima utumie sumu, iweke ndani ya boksi lenye tundu dogo la kupita panya tu. Kila asubuhi tafuta panya waliokufa na uwafukie. Usiwashike kwa mikono mitupu. Sumu iliyobaki ihifadhiwe juu, mbali na watoto.

Pia usimwogeshe mbwa au paka kwa dawa ya pamba, dawa ya kahawa au dawa ya kuhifadhi mahindi. Kwa viroboto na kupe, tumia dawa ya mifugo, na upime kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Hapo ndipo kusoma kunapookoa. Tena, usimpake paka dawa ya mbwa. Ziko dawa za mbwa zinazoua paka.

5. KICHAA CHA MBWA

Sasa tumefika kwenye jambo zito kuliko yote.

Kichaa cha mbwa huletwa na vijidudu vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akimng'ata mtu, vijidudu huingia kwenye kidonda. Kutoka hapo hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Mara nyingine ni wiki chache tu, na mara nyingine hufika mwaka. Muda huo wote mtu hujiona mzima. Kidonda kinaweza kupona kabisa. Lakini dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya hospitali wala ya kienyeji inayomponya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka. Karibu wote ni wa Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaokufa, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Kwa nini watoto? Kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa. Ni wafupi, kwa hiyo mbwa huwang'ata usoni na kichwani, karibu na ubongo. Tena mtoto aliyekuwa akimchokoza mbwa huogopa kusema nyumbani kwamba ameng'atwa. Mzazi, usimpige mtoto anayekuja kusema ameng'atwa. Mshukuru, kisha uchukue hatua.

Dalili za mbwa mwenye kichaa ni hizi:

(a) Tabia yake hubadilika. Mpole huwa mkali, na mkali huwa mpole kupita kiasi.
(b) Hung'ata bila kuchokozwa, hata vijiti na mawe.
(c) Mate humtoka mengi, na sauti yake ya kubweka hubadilika.
(d) Taya hulegea, naye hushindwa kumeza. Watu hudhani amekwamwa na mfupa. Usitie mkono kinywani mwake!
(e) Mwisho hupooza na kufa.

Paka, ng'ombe, mbuzi na punda pia huweza kupata kichaa wakiumwa na mbwa mgonjwa.

6. MAZUNGUMZO YA MZEE NA MTAALAMU WA MIFUGO

Somene mazungumzo haya kwa sauti. Mwanakisomo mmoja awe Mzee na mwingine awe Mtaalamu.

Mtaalamu: Hodi hapa! Shikamoo, mzee.
Mzee: Marahaba, mwanangu. Karibu. Usiogope, mbwa amefungwa.
Mtaalamu: Starehe, mzee. Nimekuja kwa habari yake huyo huyo. Jumamosi tutachanja mbwa na paka pale shuleni.
Mzee: Ah! Wangu sitampeleka. Nasikia mbwa akichanjwa anakuwa mpole, hafai tena kulinda.
Mtaalamu: Sivyo, mzee. Sindano ile inazuia kichaa tu. Haigusi ukali wake. Mtoto wako alipochanjwa surua, aliacha kulia?
Mzee: (Anacheka) Aliendelea kulia kama kawaida.
Mtaalamu: Basi na mbwa ataendelea kubweka kama kawaida.
Mzee: Lakini sisi tunamtilia pilipili kwenye chakula ili awe mkali.
Mtaalamu: Pilipili inamuumiza tumbo bure. Mbwa mlinzi ni yule anayekula vizuri, anayepumzika mchana, na anayewajua watu wa nyumbani kwake. Huyo atakesha.
Mzee: Na gharama je? Mwaka huu mavuno si mazuri.
Mtaalamu: Mzee, mbwa anachomwa sindano moja kwa mwaka. Mtu aking'atwa anachomwa sindano zaidi ya moja, kwa siku zilizopangwa, na kila moja ina bei kubwa kuliko ile ya mbwa. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi hospitali. Ipi ni rahisi?
Mzee: Hapo umenishika. Na wale watoto wa mbwa wanne?
Mtaalamu: Walete wote. Asiachwe hata mmoja. Wale wadogo tutawaandikia tarehe ya kurudia.
Mzee: Haya, mwanangu. Jumamosi tutakuja, mimi na mjukuu wangu mkubwa. Mbwa anamsikia yeye kuliko mimi.

7. CHANJO HUMALIZA KICHAA

Wataalamu wamejifunza jambo muhimu. Ili kichaa kisienee mahali, si lazima kuchanja mbwa 100 kwa 100. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila mbwa 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita na huisha. Lakini kila mwaka watoto wa mbwa huzaliwa, na mbwa wengine huja kutoka nje. Kwa hiyo chanjo irudiwe kila mwaka.

Tunao mfano hapa hapa Tanzania. Kisiwani Pemba, mbwa walichanjwa katika kampeni zilizofanyika baada ya mwaka 2010. Kufikia mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wananchi na wataalamu wakachanja mbwa tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikawa kimetoweka mara ya pili. Habari hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, kichaa kinaweza kumalizwa. La pili, tukilala kinarudi.

Mbwa asiyetunzwa hadhuru nyumba moja tu. Mwaka 1994 karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa. Waliuawa na ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa. Wataalamu waliona kuwa chanzo cha ugonjwa huo kilikuwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kama ugonjwa wa mbwa wa kijijini unaweza kumwangusha simba porini, jirani yako atapona vipi?

Chanjo ya kichaa ilitolewa kwa mtu kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa, mwaka 1885. Mwanasayansi Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa. Mtoto huyo alipona, akakua akawa mtu mzima. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba, 1895. Ndiyo maana tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mahali pengi mbwa huchanjwa siku hiyo.

8. MTU AKING'ATWA, FANYA HIVI

Kwanza: Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Mimina maji kwa kata au mtungi yatiririke juu ya kidonda. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Usiache mapema. Maji na sabuni huondoa na kuua vijidudu vingi kabla havijaingia mwilini.

Pili: Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe wala majani. Usikifunge kidonda kwa kukibana.

Tatu: Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo mdogo. Kama zahanati haina chanjo, uliza ni wapi ilipo, kisha uende huko. Usirudi nyumbani kungoja.

Nne: Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopewa. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimekauka.

Tano: Toa habari kwa mtaalamu wa mifugo na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kama mbwa anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Asiuawe ovyo, na nyama yake isiguswe. Wakati mbwa anaangaliwa, mgonjwa asingoje. Aende hospitali. Mbwa akibaki mzima baada ya siku 10, mganga ataamua kuhusu sindano zilizobaki.

9. TUWAFUNDISHE WATOTO

Mtoto asimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Asimvute mkia paka. Asimkimbie mbwa asiyemjua. Asimame tuli, mikono ubavuni, asimkazie macho. Akishamgusa mnyama, anawe mikono kabla ya kula.

Nasi watu wazima tusiwatupe watoto wa mbwa na wa paka porini. Hao ndio wanaokuwa mbwa koko, nao hawachanjwi na mtu. Ukiona wanazaliwa wengi kuliko unavyoweza kuwatunza, mwulize mtaalamu wa mifugo habari za kuhasi. Tukumbuke pia kuwa Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama ni kosa.

Ndugu mwanakisomo, mbwa hawezi kusema kwamba ana kiu. Paka hawezi kusoma maandishi kwenye chupa ya sumu. Wewe unaweza. Kibanda kikavu, bakuli la maji, na sindano moja kwa mwaka si mambo makubwa. Lakini hayo ndiyo yanayomfanya mlinzi wa nyumba abaki mlinzi.

MANENO YA KUJIFUNZA

chanjo – dawa inayotiwa mwilini kuzuia ugonjwa kabla haujaingia
kuhasi – kumfanya mnyama asizae tena
malengelenge – uvimbe wenye maji ndani
mbwa koko – mbwa asiye na mwenyewe
ustawi – hali ya kuishi vizuri

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja kazi tatu za mbwa na moja ya paka katika kijiji chenu.
2. Kwa nini si vizuri kumfunga mbwa kwa waya?
3. Mtoto amekwaruzwa na mbwa mgeni, naye hatoki damu nyingi. Mama yake anasema, "Tungoje tuone." Ninyi mtamshauri nini?
4. Kwa nini kichaa kilirudi Pemba baada ya kutoweka?
5. Hapa kijijini watu wana mawazo gani kuhusu chanjo ya mbwa? Yapi ni ya kweli, na yapi si ya kweli?

HESABU

Kijiji kina mbwa 200. Ili kuzuia kichaa, wachanjwe 70 katika kila 100. Je, ni mbwa wangapi? Siku ya chanjo waliletwa mbwa 115. Wamepungua wangapi?

KAZI YA KIKUNDI

Nakilini kadi hii katika daftari. Kila mwenye mbwa au paka aijaze, kisha aiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto wake.

KADI YA CHANJO YA MNYAMA WA NYUMBANI
Jina la mwenye mnyama: ....................
Kitongoji: ....................
Mbwa au paka: ....................
Rangi na alama yake: ....................
Tarehe ya kuchanjwa: ....................
Tarehe ya kurudia: ....................
Sahihi ya mtaalamu: ....................

Kikundi kipite nyumba kwa nyumba katika kitongoji, kihesabu mbwa na paka wote, na kuandika wangapi wamechanjwa. Orodha hiyo apewe mtaalamu wa mifugo, na ubao wa darasa uandikwe tarehe ya chanjo itakayofuata.